Eda ya Mama na Kadi ya Bima

Baba alikufa mara moja tu, akazikwa Konde baada ya sala ya adhuhuri. Mama alipewa habari hiyo mara nyingi mno, na mara nyingi aliyempa ni mimi.

Nieleze kwanza eda, kwa msomaji ambaye hajaishi nayo. Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hapaki wanja, hajifukizi udi, havai nguo za kujipamba, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio maharimu zake, yaani wanaoweza kumwoa, hawakai naye. Mama aliikaa eda hiyo kwa utulivu mpaka ikamalizika. Siku ya kutoka, wanawake wa mtaani walikuja, akaoga, akavaa kanga mpya, tukala pamoja. Tukadhani hilo limekwisha.

Kama mwaka na nusu baadaye akaanza kuniuliza baba yuko wapi.

Mimi ni mwalimu, na kabla ya kuwa mwalimu nilikuwa mtoto niliyelelewa kwamba mzazi hadanganywi. Nikamjibu, "Mama, baba alishafariki." Alinitazama kama nimemmwagia maji ya moto. Akalia kilio kilekile cha siku ya kwanza, hakikupungua hata kidogo. Kisha akainuka, akavua bangili zake moja moja, akafuta wanja kwa ncha ya kanga, akaingia chumbani na kuvuta pazia. Alikuwa ameingia eda upya.

Safari nyingine eda hiyo ilidumu siku moja, safari nyingine wiki nzima. Kisha aliisahau, akatoka uani na kupepeta mchele akiimba, mpaka atakapouliza tena. Nami nilimjibu tena kwa ukweli uleule. Nilidhani mtu aliyesahau anahitaji kufundishwa, na akifundishwa mara za kutosha, atashika.

Sasa najua ilivyoanza, lakini wakati ule hatukuona. Mama alikuwa msukaji wa ukili, zile kindu, majani ya mkindu, zilizosukwa ambazo huja kushonwa kuwa mkeka, na mkono wake ulijulikana hadi Wete. Mwaka ule ukili wake ulianza kupotea njia. Rangi nyekundu inaanza, inaachwa katikati, inakuja kijani isiyohusika. Nilimtania kwamba amebuni mtindo mpya. Akanijibu, "Usinicheke, vidole vyangu vimechoka kunisikiliza." Tukasema ni utu uzima. Wengine wakasema amepitiwa na kitu, tumpeleke kwa mganga. Hakuna aliyesema ni maradhi, kwa sababu maradhi tuliyoyajua yana homa au damu.

Bima ya afya ya serikali iliingia katikati ya mambo hayo. Mishahara yetu watumishi ilianza kukatwa, na sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, akaniomba niwaeleze watu, kwa kuwa nilizoea kueleza. Tulikutana kwenye darasa la skuli. Ilikuwa ni ile miaka ya vyama vingi, ambayo kila barza ina bendera yake na kila karatasi ya serikali inasomwa mara mbili. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, picha tupigwe, vidole tutie. Isije ikawa ni mambo ya kura haya." Watu wakacheka, lakini wakanisubiri nijibu. Nikawajibu kwa upole kwamba kura ina daftari lake, na hii ni kadi ya matibabu. Nikawafafanulia kwa mfano wa mtungi: kila mmoja anatia kata yake ya maji wakati wa mvua, na anayepatwa na kiu wakati wa jua anachota. Kisha nikaongeza sentensi ambayo sikuwa nimetumwa kuisema. Nilisema, "Ukishakuwa na kadi, ugonjwa wa mzazi wako hauwi tena mzigo wa nyumba yako."

Niliiamini. Baba alipougua mara ya mwisho tulikodisha mikarafuu yetu kwa misimu mitatu mbele ili tupate gharama, na niliapa kwamba mama hatatufikisha huko.

Mimi nilikuwa na haki ya kumwandikisha mama kama mtegemezi wangu, kwa nyongeza ya makato. Sharti lilikuwa moja: mtegemezi apigwe picha na kutiwa alama za vidole yeye mwenyewe, mbele ya afisa. Afisa alikuwa kijana mpole kutoka Unguja, aliyekuja Konde na kompyuta yake kwa siku chache. Siku moja kabla ya kuondoka kwake mama alikuwa katika eda.

Nilimsihi kijana aje nyumbani, akaja, akasimama nje ya pazia na kamera mkononi.

"Hodi, Bi Mkubwa."

"Nani huyo?"

"Mimi mjukuu wako. Nimekuja kukupiga picha kidogo."

"Mjukuu wangu kwa mtoto yupi? Mume wangu hajatimiza siku tatu kaburini, wewe unaniletea picha! Mama yako aliwahi kupigwa picha edani?"

"Ni ya matibabu, bibi."

"Nani kakwambia mie naumwa? Toka! Mwanangu, umeingiza nani nyumbani kwa baba yako?"

Kijana alirudi nyuma mpaka ukumbini. Akaninong'oneza, "Mwalimu, pole sana. Sikujua kama mna msiba." Nikamwambia msiba ni wa zamani. Akanitazama bila kuelewa, akasema kesho mchana anafunga, na zamu nyingine ya kuja Konde haijui.

Jioni ile nilimwomba shehe wa msikiti wetu aje. Alikaa upande wa pili wa pazia na kumfahamisha mama kwamba eda ya mume mmoja haikaliwi mara mbili, na kwamba hata aliye edani anaruhusiwa kutoka kwa jambo la tiba. Mama alimsikiliza kwa adabu kubwa. "Haya, shehe, nimekubali. Mungu akulipe." Shehe alikuwa bado anavaa viatu mlangoni mama aliponiuliza kwa sauti ya chini, "Huyo kaja kutupa mkono wa pole?"

Nilitoka nje nikaenda dukani, nikijidai nanunua sabuni. Lilikuwa duka la vitambaa na vitu vidogovidogo la familia ya Kihindi iliyokuwa Konde kabla sijazaliwa. Mimi na mke wa mwenye duka, jirani yangu, tulikuwa tukitaniana tangu utotoni. Baba mkwe wake naye alikuwa mtu wa kusahau. Alikaa kwenye kiti chake karibu na meza ya kukatia, na mbele yake palikuwa na kipande kimoja cha shiti na fimbo ya yadi. Alikipima kitambaa kile, akakikunja, akakikunjua, akakipima tena, kutwa nzima, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya biashara nzuri.

Nilimsimulia jirani yangu. Akaacha kufungasha sabuni.

"Wewe mwalimu, unampa mama mtihani kila asubuhi. Anafeli. Kesho unampa uleule."

"Nimwambie uongo?"

"Huyu wangu ananiuliza, mzigo wa Mombasa umefika? Nasema, kesho, baba. Mzigo gani? Mombasa yenyewe hatujaagiza kitu tangu mimi sijaolewa. Lakini anakula, analala."

"Kwetu ni dhambi."

"Kwetu pia si sifa," akasema. "Lakini wewe unamuua mumewe kila siku. Hilo mnaliitaje?"

Nililipa sabuni nikaondoka.

Asubuhi yake mama aliamka ameshasahau kwamba yumo edani. Akaniuliza swali lake nikiwa namtilia chai. Ulimi wangu ulikuwa mzito, lakini nilisema, "Kaenda shamba, mama. Kaenda kuangalia karafuu."

"Kala?"

"Kala."

"Haya." Akanywa chai yake. Sikumbuki nilipata kuona uso wa mtu ukipumzika namna ile. Baada ya chai aliomba wanja. Tulikwenda kwa miguu mpaka kwa sheha, na mama akamkaripia kijana wa Unguja, "Nipige vizuri, baba yao aje aone." Vidole vyake vilisumbua kidogo, kwani kindu zilikuwa zimevisugua miaka mingi, lakini cha tatu kikakubali. Kijana akapumua, na mimi pia. Kadi ya mama ikatoka, na jina lake na sura yake ya wanja.

Hapa naomba msomaji anivumilie nieleze jambo ambalo laiti mtu angenieleza mimi. Bima inalipa kitu kinachotokea. Mguu umevunjika, mtoto kazaliwa, homa imepanda: kinaanza, kinatibiwa, kinakwisha, na karatasi yake inafungwa. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hautokei na kwisha. Unakaa. Daktari wa hospitali ya wilaya alimpima mama damu na macho, akamuuliza leo ni siku gani, akanieleza kwa subira nzuri kwamba ubongo wake unazeeka kwa ugonjwa, si kwa jini, na hautarudi. Vipimo vililipiwa na kadi. Dawa ya kumtuliza ililipiwa. Kisha daktari akaweka kalamu chini. "Mwalimu, dawa yake kubwa ni mtu. Asiachwe peke yake."

Nilikwenda ofisi ya bima kuuliza kuhusu mtu. Sikuona haya kuuliza, na wewe usione. Mtumishi wa pale alinitafutia kwenye orodha, ukurasa baada ya ukurasa, hakunifukuza. Mwisho akasema, "Kukaa na mgonjwa nyumbani haimo, mwalimu. Si tiba hiyo. Hiyo ni kazi ya jamaa."

Jamaa walikuwa mimi, kaka yangu aliyeko Tanga, na binti wa mama yangu mdogo, mjane wa makamo aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimpigia kaka simu nikampa rai tumtafute mtu wa kumlipa.

"Umkodie mtu mama?" akasema. "Watu watasema sisi tumeshindwa kumlea mzazi, tumempa mtu mshahara."

"Basi njoo wewe."

"Nitatuma hela ya dawa," akasema.

Dawa ndiyo tuliyokuwa nayo tayari.

Kwa hiyo nilimtegemea binti wa mama mdogo. Alikuja asubuhi nilipotoka kwenda skuli, akaondoka niliporudi. Hakutaka malipo na aliudhika nilipoyataja. Lakini yeye alikuwa mkulima wa mwani, na mwani hufuata maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hutoka mbali, na wanawake wote hushuka pwani kufunga mwani kwenye kamba na kuvuna. Asiyeshuka siku hizo hana kitu mpaka bamvua jingine. Maji hayo hutoka asubuhi kuelekea mchana, saa zilezile nilizokuwa darasani. Kila mwezi, basi, kulikuwa na siku kadhaa ambazo mama hakuwa na mtu, na nilizijua mapema kama ninavyojua sikukuu.

Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya siku hizo.

"Nitaandika nini kitabuni?" akaniuliza. "Ruhusa ya maji kutoka?" Alitabasamu, hakuwa mtu mbaya. Alinipa siku mbili mwezi wa kwanza, moja mwezi wa pili. Mwezi wa tatu alinionyesha darasa la watoto wasio na mwalimu, akafunga kitabu cha ruhusa.

Siku moja ya bamvua lile nilimfungia mama mlango. Nalisema hili kwa sababu najua kuna nyumba zinafanya hivyo, na sitaki mwenye nyumba hiyo adhani yuko peke yake. Niliporudi sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuita, na kucha za mkono wa kulia zilikuwa zinatoka damu. Aliniomba msamaha. Alidhani amefanya kosa, ndiyo maana amefungwa. Sikumfungia tena.

Bamvua lililofuata nilimwachia muhogo wa nazi jikoni, nikamwonyesha, nikamwomba akae na asitoke. Akasema, "Nende wapi mie?" Nikaenda kusomesha.

Alitia muhogo kwenye bakuli, akalifunga kwa kanga, akajifunika buibui lake, akatoka. Wachumaji wa karafuu walimwona njiani, mtu mzima aliyevaa vizuri, anatembea kama mwenye safari. Wakamsalimia. Mmoja akamuuliza anakwenda wapi kwenye jua hilo.

"Nampelekea baba yao chakula," akasema. "Binti yangu kanambia yuko huku shamba."

Wakampisha. Nani angemzuia mwanamke anayempelekea mumewe chakula? Shamba lenyewe lilikuwa bado mikononi mwa aliyelikodi. Nyuma yake kuna mteremko wa kwenda bondeni, udongo wake unateleza hata siku kavu. Wachumaji walisikia mtu anamwita baba kwa jina, tena na tena, wakadhani yupo na anajibu. Waliposhuka kula ndipo walipomkuta chini. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Nilitolewa darasani. Nilipofika hospitali mama alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, ameshika bakuli tupu. Akanitazama akasema, "Hakuwepo."

Kadi ilipita mara moja. Msiniweke na wale wanaosema bima ni upuuzi, kwa sababu nilisimama pale dirishani na kuona kila kitu kikilipiwa: picha ya mfupa, upasuaji, chuma kilichotiwa, kitanda, dawa za maumivu, hata magongo ambayo hakuja kuyatumia. Mhudumu wa dirishani alinipa pole, kisha akasema kwa wema, "Umebahatika, mwalimu. Wenzako huuza ng'ombe." Alisema kweli. Kile kisichopatikana kabla ya kuanguka, mtu wa kukaa naye asubuhi chache za mwezi, kingekuwa kitu kidogo mbele ya chuma kile. Nililifikiria hilo nikiwa natia sahihi.

Siku ya kumtoa, daktari alinieleza: hatatembea tena. Ageuzwe kila baada ya saa mbili ili mgongo usioze. Alishwe akiwa amekalishwa, asije akapaliwa. Asafishwe kila anapojichafua, si baadaye. Kisha akauliza nyumbani yuko nani. Binti wa mama mdogo alikuwa amesimama kando yangu, na bamvua lilikuwa kesho kutwa. Aliinamisha kichwa. Nikasema, "Mimi."

Mwalimu mkuu aliisoma barua yangu mara mbili.

"Ukiacha kazi, kadi yako inasimama. Na ya mama inasimama."

"Najua. Mimi ndiye niliyewaeleza watu."

"Sasa hivi ndipo mama anapoihitaji zaidi, mwalimu. Fikiri."

Nilikuwa nimefikiri wiki nzima. Nikiendelea na kazi, mama ana kadi na hana wa kumgeuza. Nikiacha, ana wa kumgeuza na hana kadi. Nimeyapima mambo hayo mawili mara nyingi tangu siku ile, na sijapata upande ambao hauumi. Ukifika hapo, nakuomba usijilaumu kwa upande utakaouchagua. Niliacha.

Jirani yangu wa duka aliniletea mashuka laini ya pamba yaliyotumika, akakaa na mama siku niliyokwenda kurudisha kadi. Miezi iliyofuata nilijifunza kazi mpya kwa mikono yangu. Nilijifunza pia namna ya kulijibu swali la baba. Sikusema kafa, na shamba sikulitaja tena maishani mwangu. Nilimuuliza, "Alikuwaje mama, siku alipokuja kukuposa?" Akaanza kuhadithia, na safari nyingi hadithi ilimchukua mpaka akasinzia. Laiti ningelijua hilo mapema. Ndiyo maana naliandika.

Kidonda kilitokea hata hivyo, chini ya mgongo, kidogo kama kitufe, kisha kikapanuka. Dawa yake niliinunua mwenyewe, na ilipokwisha nilinunua nusu yake. Mama hakunijua tena. Aliniita wewe mwanamke, bila ubaya, kama mtu anavyomwita mpita njia.

Siku moja mchana nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, naangalia saa. Alikuwa amenikodolea macho kitambo.

"We mwanamke, kutwa uko hapa. Huna kazi wewe?"

"Sina, mama. Nilikuwa nayo."

"Wamekufukuza?"

"Nimeacha mwenyewe."

Akaguna. "Mjinga," akasema. "Mtu ana kazi, anaacha. Huna hata mtu wa kukuonya?"

"Alikuwepo."

"Hukumsikiliza."

"Sikumsikiliza."

Akafumba macho, amechoka na mimi. Saa mbili zilikuwa zimetimia. Nikapitisha mkono chini ya mabega yake na mwingine chini ya nyonga iliyo nzima, nikasema bismillahi, nikamgeuza upande wa kulia.